Mgeni wa Sayansi na Mwenyeji Wake: Funzo la Mlima Meru

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo hutajwa aghalabu anapobisha hodi jamaa aliyetoka mbali na kifurushi mkononi. Yafaa itajwe pia anapobisha hodi mgeni wa namna nyingine, yaani mtaalamu wa sayansi anayevuka bahari kuja kuchunguza mimea, wadudu na wanyama wa nchi isiyo yake. Mgeni huyo akisha kurejea kwao, mwenyeji hubaki na nini? Swali hilo lapasa kuulizwa kila panapozungumzwa ushirikiano wa kimataifa katika kuhifadhi bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai pamoja na nasaba zao.

Mahali pafaapo sana kulitafakari swali hilo ni jiji la Arusha na Mlima Meru ulio juu yake. Mlima huo wenye kimo cha mita 4,566 umezungukwa na misitu ambamo mbega weusi kwa weupe huruka katika matawi ya miti mirefu, na mashariki yake yako maziwa ya Momela yanayotembelewa na heroe. Mwaka 1960 kasoko ya Ngurdoto ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1967 eneo la Meru likaongezwa, na leo yote pamoja huitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Miguuni pa mlima, tangu Ngaramtoni upande wa magharibi hadi Tengeru upande wa mashariki, wanaishi Waarusha na Wameru, wakulima hodari wa migomba, kahawa na mboga. Baina ya mashamba yao zimejengwa taasisi kadhaa za utafiti. Mlima huu umepokea wageni wa sayansi kwa zaidi ya miaka mia moja, na historia yake yatosha kupambanua ushirikiano wa kweli na ule wa jina tu.

Vielelezo vilivyovuka bahari

Katika miaka ya 1905 na 1906 msafara wa kisayansi wa Uswidi, ulioongozwa na Yngve Sjöstedt, ulizunguka Kilimanjaro, Meru na mbuga za Wamasai zilizo karibu. Wadudu, ndege na wanyama wengine walikusanywa kwa wingi na kupelekwa Stockholm. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa kati ya mwaka 1907 na 1910 katika majuzuu makubwa ya lugha ya Kijerumani, na hata sasa wataalamu wa wadudu huyarejea.

Haingekuwa haki kuidharau kazi hiyo. Ilifanywa kwa uangalifu, na vielelezo vyake vimetunzwa vizuri. Hata hivyo, mwanafunzi wa Usa River au Ngarenanyuki anayetaka kujua ni panzi gani waliishi katika mbuga za mlima wake zaidi ya karne moja iliyopita, kabla mashamba hayajaenea, hana budi kulitafuta jibu Ulaya ya Kaskazini, katika lugha asiyofundishwa shuleni. Elimu ilihifadhiwa, lakini mwenyeji hakupona. Enzi zile hakuna aliyemwuliza mwenyeji neno, kwa kuwa nchi ilikuwa koloni.

Vielelezo vingine havikupata hata bahati hiyo. Katika utawala wa Kijerumani mimea mingi ya nchi hii ilikaushwa na kupelekwa katika hifadhi ya vielelezo vya mimea ya Berlin. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, hifadhi hiyo ilipigwa mabomu ikaungua, na sehemu kubwa ya mali yake ikawa majivu. Miongoni mwa vilivyoteketea vilikuwamo vielelezo vya asili, yaani vile ambavyo kwavyo mimea ilipewa majina yake ya kisayansi. Kwa vingi vilivyoteketea, kilichonusurika ni nakala zilizokuwa zimegawiwa mahali pengine. Hivyo kugawana vielelezo si hisani ya tajiri kwa maskini. Ni kinga kwa wote wawili, kwa maana hakuna nyumba isiyoweza kuungua.

Wito uliotolewa Arusha

Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, wajumbe wa nchi nyingi walikutana Arusha kuzungumzia hifadhi ya maliasili katika Afrika mpya. Hapo Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko ambalo halipasi kuchanganywa na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tamko lile liliahidi kwamba Watanganyika wangefanya kila wawezalo ili wanyama na mapori yao vibaki kwa ajili ya vizazi vijavyo. Lakini lilieleza pia kwamba kazi hiyo huhitaji ujuzi maalumu, watu waliofundishwa na fedha, na likayaomba mataifa mengine kushirikiana.

Mahitaji hayo matatu hayana uzito sawa. Fedha huisha, na mradi ukifikia mwisho wake magari huegeshwa. Ujuzi uliokwisha kuingia katika vichwa na mikono ya wenyeji haurudi uwanja wa ndege pamoja na mgeni. Chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilichofunguliwa Mweka, katika miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1963, ni mfano mwema. Kilianza kwa msaada mkubwa wa nje, lakini kilichodumu ni vizazi vya wahifadhi wa Kiafrika waliosoma humo na kurudi kuongoza hifadhi za nchi zao.

Teknolojia si mashine peke yake

Watu wengi wakisikia neno teknolojia hufikiri mashine. Mashine ni sehemu yake ndogo. Tazama namna mmea unavyotambuliwa kwa vinasaba vyake. Kwanza jani hukaushwa upesi, husagwa, na vinasaba hutolewa kwa dawa maalumu. Kisha kipande kidogo cha vinasaba hivyo hurudufiwa mara nyingi mno ndani ya mashine inayopandisha na kushusha joto kwa zamu. Mwisho mpangilio wa kipande hicho husomwa na kulinganishwa na kumbukumbu zilizokusanywa duniani kote.

Mashine hiyo yaweza kutolewa kwa sherehe ya siku moja. Lakini baadhi ya dawa zake huharibika zisipowekwa katika baridi, na nyingi huagizwa ng'ambo kwa bei kubwa. Umeme ukikatika, kazi ya siku nzima yaweza kupotea. Kipuri kikiharibika, lazima awepo fundi. Na matokeo yakipatikana, lazima awepo mtu wa kuyasoma na kuyafasiri pale pale, bila kuyatuma Ulaya ili aambiwe maana yake. Nchi iliyopewa mashine bila dawa, bila fundi na bila msomaji wa matokeo haijapewa teknolojia.

Ndiyo sababu vyuo vya eneo hili vina maana kubwa kuliko majengo yake. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa rasmi karibu na Tengeru mwaka 2012, hufundisha hadi shahada ya uzamivu. Kijana wa Tanzania anaweza sasa kufanya utafiti wa juu kabisa akiwa mahali ambapo mmea anaouchunguza huota. Nairobi nako, ushirika ulioundwa kwa ajili ya mazao ya Kiafrika yaliyosahauliwa na sayansi uliazimia kusoma nasaba za mazao 101, na tangu mwaka 2013 umekuwa ukiwafundisha wazalishaji wa mbegu wa Kiafrika kuitumia elimu hiyo. Mwaka 2019 wanasayansi wa China pamoja na wenzao wa Nairobi walitangaza ramani ya awali ya nasaba za ngogwe, ile nyanya chungu iuzwayo kwa mafungu katika soko la Tengeru. Mboga ya sokoni ikaingia katika elimu ya juu ya ulimwengu, na mlango wa elimu hiyo ukaachwa wazi kwa Mwafrika.

Mnavu wenye jina la Meru

Tengeru ndiko unakopatikana mfano wa karibu zaidi wa ushirikiano unaomponya mwenyeji. Kituo cha Dunia cha Mboga kilianzishwa Taiwan mwaka 1971, na mwaka 1992 kilifungua ofisi yake ya Afrika jirani na kituo cha serikali cha utafiti wa mboga na matunda, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kwa miaka mingi mnavu, mgagani, mchicha na ngogwe zilidharauliwa. Wataalamu wa kilimo walisifu kabichi, na wazazi waliopata mishahara wakaona aibu kuwapikia wageni mboga za bibi. Mbegu isipopandwa kwa miaka kadhaa hupoteza uhai wake. Kwa hiyo dharau ya jikoni yaweza kuangamiza aina ya mmea kama vile moto uangamizavyo msitu.

Kazi ya benki ya mbegu ni kuuzuia mwisho huo. Mbegu hukusanywa kwa wakulima pamoja na maelezo ya mahali, tarehe na jina la kienyeji. Hukaushwa mpaka unyevu wake unapopungua sana, hufungwa katika pakiti zisizopitisha hewa, na zile za kuhifadhiwa kwa muda mrefu huwekwa katika baridi ya nyuzi 18 au zaidi chini ya sifuri. Kila baada ya miaka kadhaa baadhi yake huoteshwa kwa majaribio. Zinazoota zikipungua, hupandwa upya shambani ili mbegu changa zipatikane.

Lakini mbegu za Tengeru hazikuishia katika majokofu. Mwaka 1997 wakulima walipata nyanya mbili, Tanya na Tengeru 97, zilizotokana na kazi ya pamoja ya wataalamu wa Tanzania na wa kituo hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 zikafuata aina zilizochaguliwa za mboga za asili: mchicha ulioitwa Madiira, ngogwe iliyoitwa Tengeru White, na mnavu ulioitwa Nduruma na Olevolosi. Anayeifahamu Arumeru ataona mara moja kwamba mengi ya majina hayo ni ya mahali pa huko. Ua au mdudu wa karne iliyopita alipewa jina la msafiri aliyembeba. Mnavu wa Tengeru umepewa jina la majirani wanaoula.

Wala mbegu za namna hii hazikufungiwa mahali pamoja. Mwaka 2008 Norway ilifungua ghala la mbegu katika visiwa vyake vya Svalbard, ndani ya mlima wenye baridi ya daima, na Kituo cha Dunia cha Mboga ni miongoni mwa waliopeleka akiba zao huko. Sheria ya ghala hilo ni kwamba mbegu hubaki mali ya aliyezileta, na yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuzitoa. Manufaa yake yalionekana mwaka 2015. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mazao ya nchi kame kilikuwa kimezuiwa na vita kuifikia benki yake iliyo karibu na Aleppo, Syria. Kilichukua mbegu zake Svalbard, kikazipanda Lebanon na Moroko, na baadaye kikarudisha akiba mpya. Tofauti ya Berlin ya mwaka 1943 na Aleppo ni nakala iliyowekwa kwa jirani mwaminifu.

Je, mlango ufungwe?

Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa mengi yalichukuliwa zamani bila malipo, ni heri nchi maskini zifunge milango na kulinda kila mbegu na kila mdudu. Uchungu wao una sababu, lakini dawa yao ingemwumiza mgonjwa. Nyanya yenyewe, ambayo huwapatia fedha wakulima wengi wa Ngarenanyuki, haikuzaliwa Meru. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Uwezo wa nyanya za kisasa kustahimili minyoo midogo ya udongoni, ile inayotia mizizi vinundu, ulitoka kwa nyanya-mwitu ya Peru. Kama Peru isingalikuwa na mmea huo wa porini, au kama ungalifichwa, mkulima wa Meru asingalipata nafuu hiyo.

Maadui nao hawaombi visa. Mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, ambaye wakulima wamemwita kantangaze, alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Hispania mwaka 2006, akashuka Afrika. Mwaka 2014 aligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania katika mashamba ya nyanya ya Arumeru. Wataalamu wa Arusha pamoja na wenzao wa ng'ambo walimtambua, na taarifa yao ya kisayansi ikachapishwa mwaka 2016. Walikuwa na la kuanzia kwa sababu wengine walikwisha kumchunguza mdudu huyo na kutengeneza mitego ya harufu inayowanasa madume. Nchi iliyojifungia ingempokea kantangaze vilevile, ila ingempokea gizani.

Mali, haki na malipo

Hata hivyo, mlango ulio wazi si mlango usio na mwenyewe. Mfano unaofahamika sana hautoki Meru bali katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona huko ua dogo la zambarau linaloota katika miamba yenye kivuli. Lilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia kwa heshima ya jamaa yake. Leo ua hilo hupamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani na limeleta faida kubwa katika biashara ya maua. Misitu ya Usambara iliyolizaa haikupata sehemu yoyote ya kutajika katika faida hiyo.

Linganisha na mashamba ya waridi yaliyoanzishwa katika tambarare za Usa River na Tengeru. Anayetaka kupanda waridi la aina iliyosajiliwa humlipa mzalishaji wake, ambaye aghalabu yuko Ulaya. Mwaka 2015 Tanzania ilijiunga na umoja wa kimataifa unaozilinda haki za wazalishaji hao. Si vibaya kumlipa mtu aliyefanya kazi miaka mingi ili kupata ua jipya. Ila yafaa kuuliza kwa nini aliyezalisha aina mpya kwa miaka kumi alilindwa mapema kuliko jamii zilizotunza aina za zamani kwa mamia ya miaka.

Mkataba wa Bioanuwai uliotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992 ulianza kujibu swali hilo. Ulitambua kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake na kwamba faida igawanywe kwa haki. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaongeza masharti: idhini itolewe kabla ya sampuli kuchukuliwa, na makubaliano yaandikwe. Lakini sayansi imekwenda mbio kuliko sheria. Siku hizi mtu hahitaji kubeba mmea; mpangilio wa nasaba zake husafiri kama barua. Kwa sababu hiyo mataifa yaliyokutana Cali, Colombia, mwaka 2024 yalikubaliana kuunda mfuko, uliozinduliwa mwaka 2025, ambao makampuni yanayonufaika na kumbukumbu hizo yanaombwa kuuchangia. Yanaombwa tu, hayalazimishwi; na hapo ndipo kazi iliyobaki.

Kipimo cha ushirikiano

Nchini Tanzania mtafiti wa kigeni huomba kibali kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 kushika nafasi ya Baraza la Utafiti wa Sayansi la mwaka 1968. Kibali ni jambo jema, lakini muhuri haupimi ushirikiano. Yapasa kuulizwa maswali manne, nayo yaulizwe kabla ya safari ya kwanza ya kwenda msituni.

La kwanza: je, nakala ya kila kielelezo na ya kila kumbukumbu itabaki nchini? Arusha inayo hifadhi ya taifa ya vielelezo vya mimea pamoja na kituo cha taifa cha nasaba za mimea. Vyote vililelewa na taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Ngaramtoni, ambayo tangu mwaka 2020 imeingizwa katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Nyumba ya kupokea nakala ipo. La pili: je, yuko mwenyeji atakayefundishwa kazi yote, tangu kuchuma jani hadi kuandika matokeo na jina lake likiwemo? La tatu: je, vifaa vitaachwa pamoja na dawa, vipuri na fundi? La nne: je, matokeo yatarudi kwa Kiswahili kwa wale waliowaonyesha wageni njia ya msituni na kuwatajia majina ya miti? Mradi usioweza kujibu maswali hayo haustahili kuitwa ushirikiano, hata ukiwa na bendera ngapi katika ukurasa wake wa kwanza.

Maswali hayo yana upande wa pili ambao mwenyeji hapaswi kuukwepa. Nakala ikibaki nchini ikaliwa na wadudu kabatini, lawama si ya mgeni. Jokofu la mbegu likizimika kwa kukosa fedha za umeme, bajeti ya nchi ndiyo yenye kosa. Taifa linalodai haki ya kumiliki lazima lilipe gharama ya kutunza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mwenye kutoa jembe lazima awe na shamba, naye mwenyewe awe analima.

Hapa shule za sekondari zina kazi isiyosubiri mfadhili. Magazeti ya zamani, mbao mbili na mawe mazito hutosha kukaushia mimea. Mwalimu wa biolojia anaweza kuwaongoza wanafunzi kukusanya magugu na mboga za eneo lao, bila kuingia katika hifadhi bila idhini, na kuandika kwenye kila karatasi mahali, tarehe, kimo kutoka usawa wa bahari, jina la Kimeru, la Kimaasai au la lugha nyingine ya hapo, na jina la mkusanyaji. Wazee waulizwe mnavu upi ulikuwa ukiliwa zamani na sasa hauonekani. Kabati la shule likijazwa hivyo kwa miaka kumi, litakuwa na habari za Mlima Meru ambazo haziko Stockholm wala Berlin. Na mgeni wa sayansi atakapobisha hodi tena, atamkuta mwenyeji mwenye jambo la kubadilishana naye.